Padri Jan Długosz, Mwandishi wa Habari za Polonia

Leo twende mbali mpaka nchi ya Polonia, huko Ulaya, tupate habari za padri mmoja aliyeishi zaidi ya miaka 500 iliyopita. Jina lake ni Jan Długosz. Wenyeji hulitamka Yan Dwugosh.

Alizaliwa mwaka 1415 mahali paitwapo Brzeźnica. Baba yake alikuwa amepigana katika vita vikuu vya Grunwald mwaka 1410, siku ile Wapolonia na Walituania walipowashinda Wateutoni, yaani watawa wa Kijerumani waliokuwa askari pia. Mwaka 1428 kijana Jan aliingia Chuo Kikuu cha Kraków, lakini mwaka 1431 alitoka bila kupata cheti. Askofu wa Kraków, Zbigniew Oleśnicki, akamchukua awe karani wake. Kwa askofu huyo alikaa miaka zaidi ya 20: barua, hesabu na mashauri ya jimbo zima vilipita mikononi mwake. Mwaka 1440 akapewa daraja ya upadri. Mwaka 1449 alitumwa Roma kwa shauri la ukardinali wa bwana wake, na mwaka uliofuata akahiji Nchi Takatifu.

Oleśnicki alifariki mwaka 1455. Katika mwaka huo huo Padri Długosz alianza kitabu kile kilicholiinua jina lake: habari za ufalme wa Polonia, tangu zama za kale hata siku zake mwenyewe, kwa Kilatini, katika sehemu 12. Aliifanya kazi hiyo miaka 25. Alikusanya hati za makanisa na za mfalme, akasoma vitabu vya watawa, akawauliza wazee walioyaona mambo kwa macho. Na alipotambua kwamba habari nyingi za majirani wa mashariki zimeandikwa kwa herufi za Kirusi, akajifunza herufi hizo, hali kichwa kimekwisha kuota mvi! Mimi niliyezoea kuandika majina ya wabatizwa katika daftari najua jinsi wazee wawili wanavyoweza kutoa miaka miwili tofauti ya kuzaliwa kwa mtoto mmoja. Basi fikirini kazi ya mtu anayetafuta miaka ya wafalme waliokufa zamani.

Si yote aliyoyaandika ni ya kusadiki. Juu ya chanzo cha taifa lake alipokea hadithi nyingi za mababu, na pale palipokuwa na pengo alilijaza kwa akili yake. Tena aliwapenda maaskofu kuliko wafalme, na kalamu yake haifichi jambo hilo. Wataalamu wa leo humsoma kwa uangalifu. Lakini hawawezi kumwacha, maana hati nyingi alizozishika yeye zimepotea.

Sasa tusikie shida iliyompata. Mwaka 1460 kiti cha askofu wa Kraków kilikuwa wazi. Mfalme Kazimierz alikuwa na mtu wake. Baba Mtakatifu Pius wa Pili akamtaja mwingine, Jakub wa Sienno. Długosz alisimama upande wa Baba Mtakatifu. Mfalme akakasirika: mwaka 1461 padri alifukuzwa mjini, na mali yake ikashikwa. Aliishi ugenini, chini ya ulinzi wa marafiki, mpaka mwaka 1463, Jakub alipokiacha kiti kile na mtu wa mfalme akakipata. Kwa hesabu ya dunia Długosz alikuwa ameshindwa kabisa.

Lakini mfalme yule hakuwa mpumbavu. Vita na Wateutoni, vilivyoanza mwaka 1454, vilikuwa bado vinaendelea, na hapakuwa na mtu aliyezijua hati za mipaka kama karani huyu. Akaitwa kwenye mashauri ya amani, yaliyokwisha mjini Toruń mwaka 1466. Nchi ya Gdańsk ikarudi kwa Polonia, na Długosz aliandika kwa furaha kuu kwamba ameiona siku hiyo kabla ya kufa. Mwaka 1467 mfalme akamkabidhi wanawe awafundishe. Ajabu kubwa! Aliyefukuzwa jana, leo anapewa watoto. Mmoja wa wavulana hao ndiye Mtakatifu Kasimiri, tunayemkumbuka tarehe 4 Machi. Wengine wanne walikuwa wafalme.

Kuna kitabu chake kingine ambacho mimi nakipenda kuliko vyote, ingawa hakina vita wala wafalme. Tangu mwaka 1470 aliandika habari za jimbo la Kraków, parokia kwa parokia, kijiji kwa kijiji: kanisa ni la mti au la mawe, mashamba ni ya nani, wakulima hutoa zaka gani. Vijiji vingi vinajua hali yao ya zamani kwa sababu ya kitabu hicho tu.

Mwaka 1480 alichaguliwa kuwa askofu mkuu wa Lwów. Hakuwahi kuwekwa wakfu: alifariki tarehe 19 Mei mwaka huo huo, akazikwa Kraków, katika kanisa la Skałka. Kitabu chake kikubwa kilinakiliwa kwa mkono muda mrefu. Sehemu yake ya kwanza ilipigwa chapa mwaka 1614, na kitabu kizima mwaka 1711 na 1712, mjini Leipzig.