Maji Moto Mpakani: Nishati, Usalama na Lugha katika Nyumba za Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kupasha maji nyumbani katika eneo la Busia na Tororo, kuanzia mafiga hadi hita za umeme na za jua. Hoja yake kuu ni kwamba vifaa vilivuka mpaka kwa wepesi kuliko maelezo ya kuvitumia, na kwamba pengo hilo la lugha ni suala la usalama wa maisha.

1.0 Utangulizi

Mpaka wa Kenya na Uganda ni mchanga kuliko jamii unazozigawa. Hadi mwaka 1902, sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ya leo ilikuwa chini ya Himaya ya Uganda. Mwaka 1926 mpaka ulielezwa kisheria kwa kufuata, miongoni mwa alama nyingine, mito ya Sio na Malaba. Wateso na Wasamia walijikuta pande zote mbili, na jina Busia likabaki kuwa la miji miwili inayotazamana. Katika mazingira hayo Kiswahili kimekuwa lugha ya soko, ya madereva na ya mafundi. Swali la makala haya ni iwapo kimewahi kuwa lugha ya maelekezo ya kifaa kinachoingizwa nyumbani.

2.0 Umeme Waingia, Kiswahili Chatoka

Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa rasmi Jinja mwaka 1954. Mwaka huohuo iliundwa Kampuni ya Umeme ya Kenya kwa ajili ya njia ya kusafirisha umeme kutoka Tororo hadi Nairobi, na kuanzia 1958 Uganda ikaiuzia Kenya megawati 30. Njia hiyo ilikuwa ya kilovolti 132. Umeme wa kiwango hicho hauwezi kuingizwa nyumbani bila vituo vya kuupunguza, hivyo ulipita juu ya vijiji ambavyo viliendelea kupasha maji kwa kuni.

Miaka miwili kabla ya bwawa kufunguliwa, Kiswahili kilikuwa kimeondolewa katika orodha ya lugha za wenyeji zilizotambuliwa katika shule za Uganda, isipokuwa shule za polisi. Matukio haya mawili hayakusababishana, lakini yalikutana katika maisha ya kizazi kimoja. Nishati mpya ilianza kusambaa wakati ambapo lugha iliyoweza kuieleza pande zote za mpaka ilikuwa imefungiwa mlango wa darasa. Hata baada ya Katiba ya Uganda kurekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kufanywa lugha rasmi ya pili, utekelezaji ulikawia. Mwaka huohuo usambazaji wa umeme nchini humo ulikabidhiwa kampuni iliyoitwa Umeme, ambayo mkataba wake ulimalizika 2025. Kwa miaka ishirini, neno la Kiswahili lilitajwa katika kila nyumba yenye mita.

3.0 Somo la Jiko

Jiko la kauri lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 linatoa mfano tofauti. Lilitengenezwa na mafundi wa mitaani, likauzwa sokoni, likaelezwa kwa mdomo. Kitambaa chake cha kauri kilizuia joto lisipotee, hivyo makaa machache yakatosha. Lilisambaa katika nchi nyingine za Afrika, na neno “jiko” likaingia katika maandishi ya kitaalamu ya lugha za kigeni. Hapa kifaa na maelezo yake vilisafiri pamoja.

4.0 Hatari Ndani ya Ndoo

Mwaka 2012 Kenya ilitoa kanuni zilizotaka majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawekewe mitambo ya jua. Kanuni hizo zililenga hoteli, hospitali na nyumba kubwa. Nyumba inayopasha ndoo moja kwa hita ya kutumbukiza ilibaki nje ya macho ya sera, ilhali huko ndiko hatari iliko.

Hita hiyo ikipasuka gamba, umeme huingia majini. Ndoo ikiwa ya bati, nayo hubeba umeme. Pasipo waya wa ardhi, mkondo hupita katika mwili wa anayeonja joto la maji kwa kidole. Aidha, maji ya nyuzijoto 60 humbabua mtu mzima kwa takriban sekunde tano, na mtoto kwa muda mfupi zaidi. Kiswahili kina maneno ya kutosha kutoa onyo hili: “Chomoa kwanza, ndipo uguse maji.”

5.0 Muundo Unaofaa

Ufanisi huanza kwa kupima haja. Kupasha lita 20 kutoka nyuzijoto 24 hadi 40, kiasi cha kuogea, huhitaji takriban uniti 0.37 za umeme. Kupasha tangi la lita 100 hadi nyuzijoto 60 huhitaji takriban uniti 4.2, bila kuhesabu joto linalopotea. Kwa eneo lililo karibu na ikweta, jua ndilo chanzo cha kwanza: tangi lililofunikwa kwa kihami joto huwekwa juu ya paneli, na maji yaliyopata joto hupanda yenyewe bila pampu. Tangi hulindwa kwa vali ya kupunguza shinikizo. Maji huhifadhiwa yakiwa moto wa kutosha kuzuia bakteria, kisha huchanganywa na ya baridi kabla ya kufika bombani. Panapotumika umeme, pawe na waya wa ardhi na swichi inayokata mkondo unapovuja.

6.0 Hitimisho

Tangu Umoja wa Forodha uanze mwaka 2005, bidhaa zimepita mpakani kwa urahisi zaidi, na kituo cha pamoja cha Busia kilichozinduliwa 2018 kimeharakisha safari hiyo. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inatoa msingi wa hatua inayopendekezwa hapa: hita yoyote ya nyumbani isiruhusiwe kuuzwa bila onyo la Kiswahili lililobandikwa juu ya kifaa chenyewe. Mashirika ya viwango ya nchi hizi na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yanaweza kuliandaa onyo hilo pamoja, wakianza kwa kuwasikiliza mafundi wa Busia na Tororo, ambao tayari hulitoa kwa mdomo.