Gentoo kwenye bodi ndogo: Mfumo unaojengwa kutoka msimbo asilia

BODI ya kompyuta ya Raspberry Pi ilipoanza kuuzwa nchini Uingereza mnamo Februari 29, 2012, bei yake ilikuwa takriban dola 35 za Marekani na ukubwa wake ulikaribiana na ule wa kadi ya benki. Prosesa yake ilikuwa ya megahezi 700 na kumbukumbu megabaiti 256 pekee.

Udogo huo haukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kwamba prosesa hiyo ilikuwa ya kizazi cha ARMv6, ilhali toleo la mfumo endeshi wa Debian lililotumia kitengo cha hesabu za desimali kilichomo ndani ya prosesa lilikuwa limelenga ARMv7. Toleo jingine, la prosesa kongwe, lilifanya hesabu hizo kwa programu tu na kukiacha kitengo hicho kikikaa bure. Ndipo wataalamu wa kujitolea walipoanzisha Raspbian mwaka huohuo na kuzitafsiri upya maelfu ya programu za Debian ili ziafiki bodi hiyo.

Kisa hicho chaeleza kwa nini baadhi ya watu huupendelea mfumo unaojengwa kutoka msimbo asilia. Msimbo asilia ni maandishi ya programu jinsi yalivyoandikwa, kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine na programu iitwayo kompaila. Mifumo mingi humwandalia mtumiaji sima iliyokwisha songwa. Mfumo wa aina hii humpa unga na kumwachia meko.

Maarufu zaidi katika kundi hili ni Gentoo Linux, ulioanzishwa na Mmarekani Daniel Robbins. Toleo lake la kwanza rasmi lilitolewa mwishoni mwa Machi 2002, na jina lake ni la aina ya ngwini anayesifika kwa kasi ya kuogelea. Moyo wa Gentoo ni chombo kiitwacho Portage, ambacho wazo lake liliazimwa kutoka mfumo wa FreeBSD. Hata ChromeOS ya kampuni ya Google hujengwa kwa kutumia Portage, jambo ambalo wamiliki wengi wa kompyuta hizo hawalijui.

Katika Portage, mwenye bodi huandika kwenye faili moja aina ya prosesa yake pamoja na orodha ya mambo anayoyataka na asiyoyataka. Mathalani, bodi inayohifadhi faili kabatini haina skrini wala printa. Sehemu za programu zinazohusu picha na uchapishaji huachwa nje kabla ya kompaila kuanza kazi, na mfumo hubaki mwembamba.

Wengi huvutiwa na ahadi ya kasi. Ahadi hiyo hutiwa chumvi mno. Katika bodi za sasa, faida halisi ni wembamba huo na uhuru wa kuamua, wala si mbio.

Gharama yake ni muda na kumbukumbu. Kompaila yenyewe, iitwayo GCC, ni miongoni mwa programu nzito zaidi kujenga, na bodi kongwe yaweza kuishughulikia kwa siku kadhaa. Ushauri wa kawaida ni kutenga takriban gigabaiti 2 za kumbukumbu kwa kila kazi ya kompaila inayoendeshwa kwa wakati mmoja. Kwa hivyo, Raspberry Pi 4 yenye viini 4 na gigabaiti 4 haifai kupewa zaidi ya kazi 2, hata kama viini viwili vitapumzika. Anayekaidi huona keneli ikiiua kompaila ghafla baada ya saa nyingi za kusubiri.

Kuongeza kumbukumbu ya akiba kwenye kadi ndogo ya kuhifadhia data ni dawa mbaya. Kadi hizo ni za polepole, na kila sehemu yake huvumilia kuandikwa kwa idadi yenye kikomo kabla ya kuchakaa. Afadhali diski ya nje ya USB. Isitoshe, prosesa inayochapa kazi usiku kucha hupata joto na kujipunguzia kasi yenyewe, hivyo bamba la kupoza si pambo.

Njia ya busara zaidi ni kuiomba kompyuta kubwa msaada. Programu ya distcc hugawa kazi ya kutafsiri kwa mashine nyingine kwenye mtandao, japo hatua ya mwisho ya kuunganisha vipande hubaki kwenye bodi, na programu zilizoandikwa kwa lugha ya Rust hazinufaiki. Kompyuta inayosaidia lazima iwe na kompaila inayozalisha lugha ya mashine ya ARM. Aidha, agizo la "native", linaloitaka kompaila ijitambulie prosesa, halifai hapa kwa sababu msaidizi ataitambua prosesa yake mwenyewe.

Wengine hutumia crossdev kujenga kila kitu kwenye kompyuta ya mezani, kisha bodi ikapokea vifurushi vilivyo tayari.

Mnamo Desemba 2023, Gentoo yenyewe ilitangaza kuwa ingetoa vifurushi vingi vilivyokwisha tafsiriwa, vikiwemo vya prosesa za ARM za biti 64. Mwenye Raspberry Pi 4 aweza kuchukua programu nzito zikiwa tayari na kujijengea zile tu anazotaka kuzibadilisha. Bodi za biti 32 hazikupata neema hiyo kwa ukamilifu.

Gentoo haina matoleo ya kila baada ya miaka kadhaa. Hubadilika kidogo kidogo kila siku. Bodi iliyosahauliwa mwaka mzima hukuta programu zinazotegemeana zimepishana kiasi kwamba wazoefu wengi huona heri kuandaa kadi mpya, wakabakisha faili za mipangilio tu.