Neno Lililosikika Sokoni

Agano Jipya la Luther kwa Kijerumani lilitoka mwaka 1522, na Biblia nzima mwaka 1534. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1530, aliwajibu waliomlaumu kwa tafsiri yake: atakaye kujua Wajerumani wanavyosema asiviulize vitabu vya Kilatini, amsikilize mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni.

Sisi tulio karibu na Kariakoo tunalielewa shauri hilo upesi. Jina lenyewe la mahali hapa limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu walilichukua wakalifanya lao.

Biblia ya Kiswahili nayo ilipitia njia hiyo, ila kwa mabishano. Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844. Unguja, Askofu Steere na wenzake waliendeleza kazi mpaka Biblia nzima ikapatikana mwaka 1891. Kisha akaja Mlutheri mwenzetu, Karl Roehl. Yeye aliona maneno ya Kiarabu yamezidi, akapunguza mengi na kuweka ya Kibantu. Biblia yake ilitoka mwaka 1937. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, maana msikilizaji wa bara hakulelewa kwa maneno ya pwani. Hata hivyo tunaona kwamba katika hili Roehl alimwacha Luther. Tafsiri ya pamoja ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tunaishika mpaka leo, iliyaacha maneno kama neema, imani na dhambi mahali pake. Jirani yetu Mwislamu mwenye duka la vitenge anayatumia hayo hayo, na tukimhubiria neema hahitaji mkalimani.

Tulitazame pia neno kukomboa. Mtu ameweka cherehani yake rehani. Akilipa deni, ameikomboa. Paulo akiandikia Wagalatia kwamba Kristo alitukomboa, mfanyabiashara anajua kuna bei iliyolipwa.

Fasihi ya Magharibi ilitufikia ikiwa tayari imejaa Biblia. Mwalimu Nyerere alipotoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare, alituletea Shylock akitetea riba kwa habari ya Yakobo na kondoo za Labani. Antonio anamjibu kwamba hata shetani hutumia Maandiko. Asiyesoma Mwanzo 30 ataona mabishano hayo kama maneno matupu.

Baadaye Mwalimu, Mkatoliki, alizitunga Injili kwa utenzi. Bahari hiyo washairi Waislamu wa pwani walikuwa wameitumia kwa habari za Mtume tangu zamani. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Nyerere hakuunda chombo kipya. Alichukua mizani zile zile nane na kina kile kile cha mwisho, akamsimulia Yesu.