Mwalimu Kama Mtungaji: Kutoka Redio Hadi Kishikwambi Katika Shule za Msingi za Kenya

Historia ya vifaa vya kufundishia katika Kenya aghalabu huandikwa kama historia ya vyombo: kwanza redio, kisha kinasasauti, kisha televisheni, na hatimaye tarakilishi. Mpangilio huo huficha swali lililo zito zaidi, yaani ni nani aliyekuwa akitunga yale yaliyopitishwa katika vyombo hivyo. Kwa muda mrefu mwalimu wa darasani hakuwa mtungaji. Alikuwa mpokezi, na kwa kuwa alikuwa mpokezi, lugha ya nyumbani ya wanafunzi wake haikuwa na mtu wa kuisemea.

Baada ya Uhuru, vipindi vya shule vilitayarishwa Nairobi na kutangazwa na Sauti ya Kenya. Ripoti ya Tume ya Ominde ya 1964 ilikuwa imekwisha kuunga mkono matumizi ya Kiingereza kama lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na redio ilikuwa chombo kilichofaa sana kwa shabaha hiyo. Mfano ulio wazi kabisa ni mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya mwanzo, ulioendeshwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980. Sauti ya redioni iliuliza, ikanyamaza kwa sekunde chache, wanafunzi wakajibu kwa pamoja, nayo ikaendelea. Ulikuwa mpango wa busara, na hapana sababu ya kuudharau. Hata hivyo, kimya kile kilipimwa studioni. Mwalimu aliyeona kwamba nusu ya darasa halijaelewa hakuweza kukirefusha.

Kamati ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba mtoto afundishwe kwa lugha inayotawala katika eneo la shule yake kwa miaka mitatu ya kwanza. Pendekezo lilikuwa jema. Upungufu ulikuwa wa vitabu. Mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu, uliotayarishwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya, ulizifikia lugha kadhaa, lakini kitabu kimoja cha kusoma hakitoshi kumjengea mtoto mazoea ya kusoma. Mchapishaji naye, akihesabu wanunuzi, hakuona faida katika lugha yenye wasemaji wachache.

Mambo hayakubadilika sana vishikwambi vilipoanza kupelekwa katika shule za msingi mwaka 2016. Masomo yalitayarishwa chini ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, na mafunzo aliyopewa mwalimu yalilenga zaidi kumwezesha kuvitumia vifaa hivyo. Kujua kuwasha si sawa na kujua kutunga.

Njia nyingine ilikuwa imefunguliwa miaka miwili kabla yake. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ulizindua tovuti yake mwaka 2014 baada ya kufanya kazi na walimu na wakutubi wa Kenya, Uganda, Lesotho na Afrika Kusini kwenyewe. Humo mwalimu aliweza kutunga hadithi ya watoto, kuitia picha kutoka katika hazina ya picha, kuitangaza, na kuwaruhusu wengine waitafsiri au waibadilishe bila ya kulipa chochote. Hadithi hizo hupangwa katika ngazi tano, kuanzia maneno ya kwanza hadi hadithi za kusomewa kwa sauti.

Ni hapa ambapo mwalimu alianza kujifunza utungaji, na mafunzo yenyewe yakageuka kuwa ya isimu. Aliyezoea kujaza ubao mzima aligundua kwamba ukurasa wenye picha hautaki aya, wala hauna haja ya kueleza kile ambacho jicho limekwisha kukiona. Ngazi nazo zilimletea tatizo jingine. Ugumu wa ukurasa ukipimwa kwa idadi ya maneno, lugha za Kibantu hupunjwa, kwa maana neno moja la Kiswahili, hawatakisoma, limebeba ukanushi, nafsi, wakati, mtendwa na mzizi. Ukurasa wa maneno sita ya namna hiyo si ukurasa wa mtoto anayeanza. Mwalimu alilazimika kuhesabu silabi, au, lililo bora zaidi, kumpa mtoto asome na kusikiliza mahali anapokwama.

Tahajia ilitaka uangalifu uo huo. Kikuyu na Kikamba zina irabu saba, ilhali herufi za irabu za Kirumi ni tano. Mbili zinazobaki huandikwa ĩ na ũ. Kibodi ya kawaida haina herufi hizo kwa wepesi, na mwenye haraka huandika i na u tupu. Msomaji mzima hukisia kutokana na muktadha. Mtoto wa miaka sita hana muktadha huo. Yeye ndiye anayefundishwa kwamba alama ina maana. Hivyo mwalimu anayejifunza kuitafuta alama ile katika mashine anatenda kazi ya msanifishaji, ingawa hakuna aliyemwita kwa jina hilo.

Shule zilipofungwa Machi 2020, walimu wengi waligeukia simu kurekodi masomo, wakajifunza kwa kukosea: mvua juu ya mabati huifuta sauti, na rekodi ndefu humgharimu mzazi data asiyoweza kuilipia.

Lakini ustadi huu unategemea mwalimu kuijua lugha ya mahali. Kuanzia 2018 Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha walimu wengi nje ya maeneo ya kwao, na ijapokuwa baadhi yao walirudishwa baadaye, sera hiyo ilionyesha udhaifu wa kazi yote. Mtungaji wa hadithi za Kikamba aliyepelekwa kufundisha miongoni mwa wasemaji wa Dholuo alibaki na picha zake na ufundi wake, bila ya lugha ya kuvitumikia. Aliweza kuzitoa hadithi zake zitafsiriwe. Darasa aliloliacha lilibaki na zile alizokwisha kuandika, na kama mrithi wake hakujifunza, idadi yake haikuongezeka.