Chai ya Fine Hall

Mwanafunzi wa uzamivu aliyefika idara ya hisabati ya Princeton, Marekani, miaka ya 1930 au 1940, alikuta utaratibu ambao ungemshangaza mwanafunzi wetu wa leo. Mahudhurio hayakuchukuliwa. Alama za kozi hazikuwa na uzito. Kilichomsubiri ni mtihani mmoja mkubwa wa jumla, kisha tasnifu. Maktaba ilikuwa wazi usiku na mchana. Jambo moja tu lilisisitizwa: alasiri uje chai. Solomon Lefschetz, mkuu wa idara kuanzia 1945 hadi 1953, aliwaambia wageni hivyo waziwazi.

Naifuatilia historia hii kwa sababu inagusa kazi yangu. Katika idara ninayofundisha hapa Dar es Salaam, ni mimi ninayewapokea wanafunzi wapya wa uzamili na uzamivu. Nawaonyesha ofisi, nawajazisha fomu, nawapeleka kwa wasimamizi wao. Kila Novemba fomu zinakamilika, na kila Februari wapo ambao hakuna anayejua wamekwama wapi. Wenzangu wengi huamini dawa yake ni semina elekezi ndefu zaidi. Mimi naamini mgeni wa hisabati hupokelewa na mahali pa kukaa na saa inayojulikana na wote, na ushahidi wangu ni namna mahali hapo palivyojengwa, nani alipalipia na nani alifungiwa nje.

Mahali penyewe ni jengo la Fine Hall, lililofunguliwa mwaka 1931. Kabla ya hapo, walimu wengi wa hisabati wa Princeton hawakuwa na ofisi chuoni. Walikuwa na vyumba vichache tu kwenye jengo la fizikia lililoitwa Palmer, na wengi walifanyia kazi zao nyumbani. Mwalimu akimaliza kipindi, kaondoka. Mwanafunzi mwenye swali alilitunza mpaka kipindi kijacho, au akajipa moyo kwenda kupiga hodi kwa mtu na familia yake. Wanafunzi wangu wanaijua hali hii vizuri, ingawa hawajawahi kufika Princeton.

Aliyekuwa na hamu ya kuibadilisha hali hiyo ni Oswald Veblen, aliyezaliwa Iowa mwaka 1880 katika ukoo wa wahamiaji kutoka Norwei. Nafasi ilipatikana kwa msiba. Desemba 1928 Henry Burchard Fine, mtu aliyeijenga idara ile tangu mwanzoni mwa karne, aligongwa na gari akiwa juu ya baiskeli, akafariki. Rafiki yake Thomas Jones, pamoja na mpwa wake Gwethalyn, wakatoa fedha lijengwe jengo la hisabati kwa jina la marehemu. Veblen akapewa nafasi ya kusema kiwekwe nini humo ndani, naye akasema mengi. Kuta zikafunikwa kwa mbao za mwaloni. Ofisi zikapata meko. Kukawa na bafu, ili mtu aliyetoka kucheza tenisi aoge arudi kazini badala ya kwenda zake nyumbani. Vioo vya madirisha vikatiwa fomula, na kwenye meko mojawapo akachongwa nzi anayetembea juu ya utepe wa Möbius, ule unaopindwa mara moja kisha ukaungwa ncha, ukabaki na upande mmoja tu. Na kukawa na sebule kubwa kwa ajili ya watu wote wa idara, maprofesa na wanafunzi, ambako chai iliandaliwa kila alasiri. Elizabeth, mke wa Veblen, alikuwa Mwingereza, na chai ya alasiri haikuwa desturi ngeni kwao.

Ukiyatazama mambo hayo moja moja, unaweza kudhani Veblen alipenda anasa. Mimi naona mtu aliyefikiria kwa makini kinachomfanya mwanahisabati aondoke kwenye jengo, akakiondoa kila kimoja.

Mawazo hayo hayakuanzia Marekani. Göttingen, Ujerumani, Felix Klein alipofika mwaka 1886 alianzisha chumba cha kusomea ambamo vitabu vilikaa kwenye rafu zilizo wazi. Mwanafunzi alijichukulia mwenyewe, bila kujaza karatasi ya maombi na kungoja. David Hilbert alikuwa na ubao mrefu bustanini kwake, chini ya kipaa, akafanya kazi huku akitembea. Emmy Noether aliongea hisabati na wanafunzi wake njiani, wakizunguka mji kwa miguu. Mwaka 1933 serikali ya Hitler iliwafukuza Noether, mwanahisabati Courant, mwanafizikia Born na wengine wengi, na mji ule uliokuwa kitovu cha hisabati duniani ukabaki mtupu. Hermann Weyl, aliyekuwa na mke wa Kiyahudi, aliondoka mwaka huohuo kwenda Institute for Advanced Study, taasisi mpya iliyoanzishwa hapohapo mjini Princeton. Taasisi hiyo ilikaa ndani ya Fine Hall mpaka ilipohamia jengo lake mwaka 1939. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeshika kikombe chake pale sebuleni aliweza kuwa chumba kimoja na Weyl, von Neumann na Einstein.

Watu wenyewe ndio wanaonivutia zaidi. Lefschetz alizaliwa Moscow, akasomea uhandisi Ufaransa, akahamia Marekani. Mwaka 1907 ajali kazini ilimpotezea mikono yote miwili. Akageukia hisabati, akafundisha miaka mingi Nebraska na Kansas, mbali na yeyote aliyeshughulika na mambo aliyoyafikiria yeye. Waliosoma Princeton wanasimulia kwamba asubuhi mwanafunzi mmoja alikuwa na kazi ya kumchomekea chaki kwenye mkono wa bandia, na jioni kuichomoa. Mtu aliyekaa peke yake kiasi kile anajua kwa nini anamhimiza mgeni aje chai.

Mfikirie pia Alan Turing. Alifika kutoka Uingereza mwaka 1936, na makala yake iliyoweka msingi wa nadharia ya kompyuta ilikuwa ndiyo kwanza inachapishwa. Desemba akatoa mhadhara kuhusu kazi hiyo kwenye klabu ya hisabati. Waliohudhuria walikuwa wachache, akamwandikia mama yake kumweleza masikitiko hayo. Kilichomweka mjini hakikuwa sifa. Alikuwa na Alonzo Church kama msimamizi, chumba kwenye bweni la wanafunzi wa shahada za juu, na wenzake. Jengo la Palmer liliunganishwa na Fine Hall kwa ujia, na mwanafunzi mmoja wa fizikia alimpa ufunguo wa karakana yao, akamwonyesha namna ya kutumia mashine. Turing akaanza kutengeneza humo kifaa cha umeme cha kuzidisha namba. Mwaka 1938 alimaliza uzamivu wake. Mimi huwasimulia wanafunzi wangu habari ya ule mhadhara wa Desemba kila mwaka.

Mwaka 1948 akaja John Nash, kijana wa miaka 20 kutoka West Virginia. Darasani alionekana kwa nadra, sebuleni alionekana sana. Hapo ndipo alipoleta mchezo unaochezwa juu ya ubao wenye vyumba vya pembe sita: mchezaji mmoja anajaribu kuunganisha pande mbili zinazotazamana, mwenzake anajaribu kuunganisha pande nyingine mbili, na hauwezi kuisha kwa sare. Nash alithibitisha kwamba anayeanza ana njia ya kushinda, pasipo kuonyesha njia yenyewe ni ipi. Mdenmark Piet Hein alikuwa ameshaubuni mchezo huohuo mwaka 1942, na leo unaitwa Hex, lakini pale waliuita kwa jina la Nash. Uthibitisho wake unaeleweka kwa mtu asiyesomea hisabati, na nimewahi kuutumia siku ya kwanza badala ya hotuba.

Sasa upande wa pili wa sebule ile, ambao nisingependa kuupita haraka. Chuo Kikuu cha Princeton hakikudahili wanawake kwa shahada za juu mpaka mwaka 1961. Miaka 30 ya mwanzo ya chai ya Fine Hall ilikuwa chai ya wanafunzi wanaume. Na mwaka 1941 David Blackwell, Mmarekani mweusi mwenye miaka 22 aliyekuwa amepata uzamivu wake Illinois, alialikwa Institute for Advanced Study. Ilikuwa desturi wageni wa taasisi hiyo kupewa pia hadhi ya heshima katika chuo kikuu. Lilipofika jina la Blackwell, rais wa chuo alipinga kwa sababu ya rangi yake. Baadaye Blackwell alifundisha Chuo Kikuu cha Howard miaka kumi, akaenda Berkeley, na mwaka 1965 akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika National Academy of Sciences ya Marekani. Ukarimu wa Veblen na Lefschetz ulikuwa wa kweli, na ulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na mlinzi. Anayetaka kuiga desturi hii lazima ajiulize mapema nani atashindwa kuingia kwake.

Afrika Mashariki tunaingia kwenye habari hii kupitia Uingereza. Chuo Kikuu cha Warwick kilipofunguliwa mwaka 1965, Christopher Zeeman alipewa kazi ya kuanzisha hisabati, naye kama Veblen alianza kufikiria majengo. Alipata fedha za kujengea nyumba za wanahisabati wageni waje na familia zao, kila nyumba ikiwa na chumba cha kazi chenye ubao mkubwa ukutani. Huko ndiko alikosomea George Saitoti, aliyepata uzamivu wa topolojia mwaka 1972. Wakenya wengi wanamkumbuka kama Makamu wa Rais. Kabla ya hapo alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi na akaiongoza idara ya hisabati mpaka mwaka 1983. Upande wetu, Verdiana Masanja alihitimu Dar es Salaam, akaenda Technical University ya Berlin na kupata uzamivu mwaka 1986, mwanamke Mtanzania wa kwanza kufika hapo katika hisabati. Kizazi chao kiliufuata ubao ng'ambo, wakarudi kufundisha kwenye idara ambazo zilikuwa na madarasa ya kufundishia na ofisi za walimu, na basi.

Jaribio kubwa la kuubadilisha mpango huo barani limefanywa Muizenberg, Cape Town. Mwaka 2003 Neil Turok, ambaye wazazi wake walikuwa wapigania uhuru wa Afrika Kusini na ambaye sehemu ya utoto wake aliishi Afrika Mashariki wakiwa uhamishoni, alianzisha African Institute for Mathematical Sciences ndani ya hoteli ya zamani karibu na bahari. Wanafunzi kutoka nchi nyingi wanalala humo, wanasoma humo, wanakula humo, na wahadhiri wanaokuja kwa wiki tatu tatu wanakaa nao meza moja. Tawi lilifunguliwa Bagamoyo mwaka 2014, na lingine Kigali mwaka 2016. Waliopitia huko mimi huwatambua kwa jambo moja: hawaogopi kusimama mbele ya ubao bila jibu.

Idara za kawaida hazina hoteli. Wanafunzi wetu wengi ni watu wazima, walimu wa sekondari au wahadhiri wasaidizi kutoka vyuo vya mikoani. Wanaishi Kimara, Mbagala, Gongo la Mboto. Chai ya alasiri kwao haiwezekani, maana alasiri mtu anawaza daladala na foleni, na watoto wanamngoja. Kwa hiyo tuliichukua saa ambayo nchi nzima inaijua: saa nne asubuhi. Kila Jumatano, kwenye ujia wa ghorofa yetu, tunaweka chupa mbili za chai ya rangi, maandazi ya mama anayeuza nje ya geti, na ubao uliokuwa umetupwa stoo. Wahadhiri tunachangia fedha. Hakuna mada wala mwenyekiti.

Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Rukwa, mtu wa makamo anayenizidi umri, alikuja Jumatano tatu akanywa chai kimya. Mimi namwamkia shikamoo, yeye ananiita Mwalimu. Jumatano ya nne akasogea. "Mwalimu, samahani, nina kitu kidogo." Kitu chenyewe kilikuwa hiki: kwa nini epsiloni huchaguliwa kwanza, delta ikafuata, na kingeharibika nini tukibadilisha mpangilio? Ni swali la mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza, na ndiyo maana hakuweza kulileta ofisini. Alikuwa amekwama nalo tangu muhula uanze, huku kozi nzima ya uchanganuzi ikimpita. Kabla sijajibu, binti mmoja wa uzamivu alishika chaki akamwandikia mfano, "Kaka, jaribu hapa uanze na delta." Akajaribu, mfano ukavunjika mbele ya macho yake, akacheka kwa sauti. Wakabaki pale baada ya chupa kuisha. Tangu hapo wanasoma pamoja, ingawa wana wasimamizi tofauti na mada zao hazikaribiani.

Bado wapo tusiowafikia. Walimu ambao wakuu wao wa shule hawawapi ruhusa katikati ya wiki hawajawahi kuonja hiyo chai, na wanawake wenye watoto wachanga huja mara moja wakapotea. Muhula huu tumeongeza Jumamosi, saa nne ileile. Mkuu wa idara amekubali chumba kimoja cha semina kiachwe wazi siku hiyo, na mkeka umeshanunuliwa kwa ajili ya watoto.