Nani Alipe? Miaka Hamsini ya Wanafizikia na Majarida Yao

Mwaka 1964 Peter Higgs, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alipeleka makala fupi kwa jarida la Physics Letters, ikachapishwa. Akaandika ya pili, ile iliyokuja kumpa jina. Jarida hilohilo likaikataa, naye akaivusha bahari hadi kwa Physical Review Letters la Marekani. Ilipofika Julai 2012, maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ikatangaza kwamba chembe iliyobashiriwa katika makala hiyo ya pili imeonekana. Makala za ugunduzi zilitoka Septemba katika Physics Letters B, mtoto wa jarida lililomkatalia Higgs. Safari hii mtu yeyote mwenye intaneti aliweza kuzisoma bila kutoa senti. Makala za mwaka 1964 zilikuwa za mwenye maktaba tajiri.

Kusoma kukiwa bure, lazima awepo wa kulipa. Wengi hudhani kumtoza mwandishi ni balaa la zama hizi. Sivyo. Tangu miaka ya 1930 jarida la Physical Review lilikuwa likidai ada kwa kila ukurasa, na hati ya madai ilikwenda kwenye taasisi ya mwandishi. Wachapishaji wa Ulaya, wenye majarida kama Nuclear Physics na Physics Letters, walishika njia nyingine: mwandishi hatoi kitu, maktaba ndiyo inayokamuliwa. Kwa mtafiti wa nchi maskini njia zote mbili zilikuwa ukuta, tofauti ni upande gani wa ukuta unaogonga kichwa.

Aliyeujua ukuta huo ni Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan. Alirudi Lahore mwaka 1951 akitokea Cambridge, akajikuta hana mwenzake wa kujadiliana naye fizikia. Mwaka 1954 akaondoka. Kutokana na upweke ule alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia, mwaka uleule wa 1964, ili wanasayansi wa nchi zinazoendelea wapate mahali pa kwenda na kurudi bila kuhama makwao.

Wakati huo wanafizikia wakubwa walikuwa na njia yao ya pembeni. Hawakusubiri jarida. Mtu akimaliza mswada, taasisi yake ilidurufu nakala na kuzituma kwa posta kwa marafiki duniani. Maktaba za CERN na za maabara ya SLAC, California, zilikusanya miswada hiyo kwa bidii, na kuanzia 1969 SLAC ikatoa orodha yake kila wiki. Mswada ukishachapwa jaridani uliingia orodha nyingine iliyoitwa ya "miswada-kinyume", kama vile maada na kinyume chake. Utani wa wanafizikia ndio huo. Lakini posta ile ilikuwa ya wanaojuana. Aliye Princeton, Marekani, alipata miswada chungu nzima. Asiyejulikana alisubiri meli ilete jarida.

Agosti 1991 Paul Ginsparg, mwanafizikia wa maabara ya Los Alamos, Marekani, aliandika programu ya kupokea miswada na kuisambaza yenyewe kwa barua pepe. Alitarajia kama miswada 100 kwa mwaka. Ikamiminika mara kadhaa ya hapo. Ghala hilo, ambalo leo linaitwa arXiv, lilihamia Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2001, na mwishoni mwa 2014 lilikuwa na makala milioni moja. Kusoma bure, kuweka bure. Nadhani hakuna kifaa kilichowahi kusogeza Lahore karibu na Princeton kama hiki.

Ila arXiv si jarida. Hakuna wataalamu wanaokaa kuipima hoja na kuirudisha kwa mwandishi airekebishe, na kamati za ajira bado zinauliza umechapisha wapi. Mwaka 1997 wanafizikia wa shule ya SISSA, hukohuko Trieste, wakaanzisha JHEP, jarida la kielektroniki lililosomwa bure. Kwa ubora lilifaulu haraka. Kwa fedha halikufaulu: baada ya miaka michache likalazimika kudai malipo ya maktaba. Kazi ya kujitolea huchoka.

Jibu lililokuja ni lile ambalo kijiji chochote chenye msiba au harusi kinalijua: mchango. Hoja ya CERN ilikuwa nyepesi. Maktaba tayari zinalipa mamilioni kununua majarida ya fizikia ya chembe; basi fedha hizohizo ziwekwe chungu kimoja, na kila nchi itoe kulingana na wingi wa makala zinazoandikwa na watu wake. Chungu ndicho kinamlipa mchapishaji. Mwandishi hatozwi, msomaji hatozwi, na hakimiliki inabaki kwa mwandishi. Maneno mepesi, lakini kuzileta pamoja maktaba za nchi kadhaa kulichukua miaka. Chama cha wanafizikia wa Marekani, kinachochapisha Physical Review, kilijitoa mwaka 2013, mambo yakiwa karibu kuiva. Hata hivyo tarehe 1 Januari 2014 muungano huo, SCOAP3, ulianza kazi kwa majarida 10, likiwemo JHEP, likiwemo pia Physics Letters B. Wamarekani waliingia Januari 2018. Sasa maktaba zinazochangia zimepita 3,000.

Kilichonivutia zaidi ni kifungu kimoja cha mpango: nchi zisizo na uwezo wa kuchangia, waandishi wake hubebwa na wengine. Mtafiti wa taasisi ya fizikia iliyofunguliwa Kigali mwaka 2018 kwa ushirikiano na kituo cha Salam akiandika juu ya chembe, makala yake inakaa meza moja na ya CERN, na hakuna anayemletea hati ya madai.

Lakini chungu hiki kinapikia fizikia ya chembe tu. Mwalimu wa chuo anayechunguza paneli za sola, mvua au mionzi ya hospitali hana nafasi humo. Yapo majarida machache yasiyotoza upande wowote, kama yale ya SciPost yaliyoanzishwa Amsterdam mwaka 2016, yanayoishi kwa michango ya taasisi. Mengine mengi yaliyo wazi kwa msomaji bado yanamtoza mwandishi, na mara nyingi ada ya makala moja inazidi mshahara wa mwezi wa mwalimu huyo.