Mabalozi Wanafunzi

Balozi mwanafunzi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, au mhitimu ambaye joho lake halijapata vumbi, anayetumwa shuleni kuwaeleza wadogo zake chuo ni mahali gani na mlango wake uko wapi. Hana cheo. Si mwalimu, si afisa udahili, wala si mgeni rasmi wa mahafali. Mtaji wake ni umri: miaka mitatu au minne iliyopita alikuwa amekaa kwenye dawati kama lile, na wasiwasi ule ule.

Kwa msomaji wa Tanzania neno balozi lina sura mbili. Yuko yule wa ubalozini, mwenye gari la bendera, anayesema yale tu ambayo serikali yake imemtuma aseme. Na yuko balozi wa nyumba kumi, anayejua nani mgonjwa na nani amefiwa, kwa sababu anaishi pale pale. Balozi mwanafunzi anafaa kwa kadiri anavyofanana na huyu wa pili. Tatizo ni kwamba chuo kinachomlipa mara nyingi humtaka awe wa kwanza.

Kazi hii ipo katika nchi nyingi, ila England ndiko ilikopewa sheria, bajeti na majina rasmi. Siku ya ziara hutambulika kwa fulana. Basi la shule linaingia kampasi asubuhi, watoto wa miaka 13 au 14 wanashuka, na vijana wenye fulana za rangi moja, jina la chuo kifuani na kitambulisho shingoni, wanawapokea na kuwagawa makundi. Balozi hutangulia akitembea kinyumenyume ili asiwape wageni mgongo. Anawapitisha maktaba, maabara, ukumbi wa mihadhara wenye viti vya ngazi, kisha chumba cha bweni kilichopangwa vizuri kuliko chumba chochote ambacho mwanafunzi hukaa kweli. Mwalimu akiwa karibu, maswali huwa ya adabu. Akibaki nyuma kidogo, ndipo yale yenyewe yanapotoka. Chakula mnajipikia? Usipohudhuria kipindi nani anajua? Pesa ikiisha unafanyaje? Umewahi kufeli? Profesa haulizwi maswali haya, na hata akiulizwa, majibu yake yatakuwa ya miaka thelathini iliyopita.

Utaratibu huu wa England ulizaliwa na siasa. Mwaka 1963 ripoti ya kamati ya Robbins iliweka msingi kwamba nafasi za elimu ya juu ziwepo kwa kila mwenye uwezo na sifa za kuzipata. Vyuo vikapanuka, lakini watoto wa nyumba zilizokwisha kuzoea chuo ndio waliotangulia kujaza viti. Mwaka 1997 tajiri Peter Lampl alianzisha taasisi ya Sutton Trust, na mwaka huo huo ikafadhili shule ya kiangazi Oxford kwa vijana ambao ukoo wao haukuwa na historia ya chuo. Miaka miwili baadaye Waziri Mkuu Tony Blair akatangaza lengo la nusu ya vijana kufika elimu ya juu. Lengo la namna hiyo halitimizwi kwa kugawa vipeperushi, kwa hiyo mwaka 2004 programu za awali ziliunganishwa na kuwa mpango mmoja wa serikali ulioitwa Aimhigher. Huo ndio uliomfanya balozi mwanafunzi kuwa sura ya kawaida katika shule za serikali, kuanzia vitongoji vya miji mikubwa hadi miji iliyobaki yatima baada ya migodi ya makaa ya mawe kufungwa.

Sheria ya mwaka 2004 iliongeza kichocheo kingine. Vyuo viliruhusiwa kutoza ada hadi pauni 3,000 kuanzia 2006, lakini kwa sharti: kinachotaka kutoza zaidi ya kiwango cha msingi kwanza kiandikiane makubaliano na ofisi ya usimamizi kuhusu namna kitakavyowafikia watoto wa familia zenye kipato kidogo. Ada ilipopandishwa hadi pauni 9,000 mwaka 2012, sharti lilibaki na fedha zikaongezeka. Ukiutazama mzunguko huu vizuri, una kichekesho chake. Mwanafunzi anakopa kulipa ada, sehemu ya ada hiyo inamlipa mwanafunzi mwenzake kwa saa, na huyu anakwenda shuleni kuwatia moyo wadogo zake waje nao kukopa.

Aimhigher yenyewe ilifungwa mwaka 2011, katika kubana matumizi. Miaka sita baadaye serikali ikarudi pale pale kwa jina jingine: mpango wa ubia kati ya vyuo na shule, baadaye ukaitwa Uni Connect, wenye ubia 29 na bajeti iliyoanzia pauni milioni 60 kwa mwaka, ukilenga maeneo ambako vijana wachache huenda chuo. Bajeti hiyo nayo ilikuja kukatwa hadi nusu. Mwalimu wa shule ya namna hiyo anaweza kuwa ameona fulana za rangi tatu tofauti katika utumishi wake, zote zikibeba ujumbe mmoja.

Je, maneno ya kijana yana nguvu kweli, au ni imani tu? Jibu zuri zaidi lilipatikana kupitia kitengo kilichokuwa cha serikali ya Uingereza wakati huo, kinachochunguza tabia za watu. Katika mkoa wa Somerset kilijaribu njia kadhaa, zikiwamo vijikaratasi vya taarifa na mazungumzo mafupi ya mtu aliyewahi kupita njia hiyo. Karatasi hazikuamsha mtu. Mazungumzo yaliamsha. Ndipo likaja jaribio kubwa: wanafunzi zaidi ya 11,000 waliofaulu vizuri, lakini wanaosoma katika shule zisizopeleka wengi kwenye vyuo vikubwa, waligawanywa kwa bahati nasibu, na baadhi wakatumiwa barua zilizoandikwa na kijana na binti wanaosoma Chuo Kikuu cha Bristol. Barua ya kwanza ilipitia shuleni mwishoni mwa 2013, ya pili ikaenda nyumbani miezi michache baadaye. Hazikuwa na ahadi ya ufadhili wala punguzo la ada. Zilisema, kwa lugha ya rika, kwamba vyuo vyenye jina viko ndani ya uwezo wako na wakati mwingine gharama yake kwako ni ndogo kuliko unavyodhani. Miongoni mwa wasiopata barua, asilimia 8.5 waliishia kukubali nafasi katika vyuo vya kundi la Russell, ambalo ndilo kundi la vyuo vikuu vikubwa vya utafiti nchini humo. Miongoni mwa waliopata barua zote mbili, ilikuwa asilimia 11.4. Waliopata barua moja tu hawakuonyesha tofauti ya kutajika, na hapo pana la kujifunza kwa chuo kinachodhani kwamba ziara moja ya asubuhi inatosha.

Mbinu nyingine zinamtoa balozi kwenye jukwaa na kumweka kazini. Mwaka 2002 mwandishi wa vitabu vya sayansi Simon Singh na mwenzake Hugh Mason walianzisha mpango ambao mwanafunzi wa hisabati au fizikia hukaa darasani na mwalimu kwa muhula mzima, akisaidia kufundisha, na kazi hiyo ikahesabiwa katika alama za shahada yake. Shirika la The Brilliant Club, lililoanza 2011, linatumia wanafunzi wa uzamivu. Mtafiti wa, tuseme, chembe za damu anakwenda shule ya kata na kufundisha kikundi kidogo kipengele cha utafiti wake mwenyewe, watoto wanaandika insha, na insha inasahihishwa kwa madaraja ya chuo kikuu. Mtoto wa miaka 14 aliyerudishiwa karatasi yenye daraja la pili la juu ana habari ya kupeleka nyumbani ambayo hotuba haiwezi kumpa.

Na kuna mabalozi waliojituma wenyewe. Mwaka 2017 chama cha wanafunzi wenye asili ya Afrika na Karibiani cha Cambridge kiliweka mtandaoni picha za vijana 14 weusi wa kiume wanaosoma pale, na kueleza kuwa mwaka 2015 chuo kizima kilipokea wa namna yao 15 tu katika shahada ya kwanza. Picha zilisambaa dunia nzima. Mwaka uliofuata mwanamuziki Stormzy akatangaza kulipia masomo ya wanafunzi weusi wawili kila mwaka. Wanafunzi weusi wa Uingereza walioanza shahada ya kwanza Cambridge walikuwa 61 mwaka 2018, wakawa 91 mwaka 2019, kisha 137 mwaka 2020. Chuo chenyewe kililitaja jina la Stormzy katika kueleza ongezeko hilo, ingawa kazi ya kuzunguka mashuleni ilikuwa imefanywa na wanachama wa kile chama kwa miaka.

Kanuni za kazi ni kali kuliko fulana zinavyoonyesha. Balozi hufunzwa kwa siku moja au zaidi, mara nyingi hukaguliwa rekodi yake ya jinai, hakai peke yake na mtoto, hatoi namba yake ya simu, hakubali urafiki wa mitandaoni. Malipo kwa saa ni ya kawaida tu, lakini yana maana: kazi ikiwa ya kujitolea, wanaoimudu ni wale ambao nyumbani hawana shida, na hao sio ambao mtoto wa Uni Connect anahitaji kuwaona. Kinyume chake pia kipo. Chuo chenye wanafunzi weusi wachache huwaita wale wale kila ziara na kila picha, mpaka anayetazama kipeperushi anadhani wako wengi, na wahusika wakakosa muda wa kusoma.

Kasoro iliyotajwa mwanzoni, ya balozi kugeuzwa msemaji wa chuo kinachomlipa, ilikua baada ya 2015, England ilipoondoa ukomo wa idadi ya wanafunzi ambao chuo kinaweza kupokea. Kila kiti kikawa pauni 9,000, na vyuo vikaingia sokoni. Balozi yule yule aliyekuwa akizungumzia elimu ya juu kwa ujumla akaanza kuwekwa kwenye siku za wazi, kwenye simu za kuwashawishi waliokubaliwa, na katika majukwaa ya kuchati kama Unibuddy, ambako mwombaji anamwandikia mwanafunzi wa chuo fulani chini ya macho ya chuo hicho. Mtafiti Clare Gartland, aliyewafuatilia mabalozi wa sayansi na uhandisi, aliona kuwa watoto huwaamini zaidi pale wanapofanya nao kazi ya somo bega kwa bega kuliko wanapokuwa wabeba nembo. Mtoto anajua akiuziwa.

Marekani ilichagua njia tofauti: mhitimu badala ya mwanafunzi, na ofisi ndani ya shule badala ya ziara. Mwaka 2005 Nicole Hurd, akiwa Chuo Kikuu cha Virginia, alianzisha mpango ambao baadaye ulienea kitaifa kwa jina la College Advising Corps. Mhitimu mpya anaajiriwa kwa mwaka mmoja au miwili, anakaa katika sekondari moja kutwa, na kazi yake kubwa ni makaratasi: maombi ya vyuo, tarehe za mwisho, na ile fomu ndefu ya serikali ya kuomba msaada wa ada. Jaribio la Texas, ambako shule zilipewa washauri hawa kwa bahati nasibu, lilionyesha kuwa kwa jumla idadi ya walioingia chuo haikubadilika sana. Wanafunzi wa kipato cha chini na wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini ndio walionufaika, na zaidi kwa kuingia vyuo vya miaka miwili. Ni matokeo ya wastani, na ya kuaminika kwa sababu hiyo hiyo.

Afrika Mashariki ina mabalozi wengi, ila wengi wao hawana fulana. Kenya, vyama vya wanafunzi wa kaunti moja hurudi nyumbani likizo na kuzunguka shule walizosoma. Tanzania, sura rasmi iko kwenye maonesho ya vyuo vikuu katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ambako wanafunzi husimama kwenye mabanda pamoja na wahadhiri wao. Huko nako swali la dhati huulizwa pembeni: bumu linatosha? Ukipata sapu unarudia mwaka? Tofauti kubwa na England ni ya kalenda. Mwombaji wa England huomba miezi mingi kabla ya matokeo, kwa alama anazokadiriwa na walimu. Wa Tanzania huomba baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka, na milango mingi imeshafungwa miaka miwili nyuma alipochagua tahasusi, kwa kuwa aliyesoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) hawezi kuomba udaktari hata angefaulu vipi. Balozi anayemkuta kwenye maonesho anamweleza habari za ng'ambo ya mto wakati daraja limeshapitwa. Mahali pake panapofaa ni kidato cha tatu na cha nne.

Karibu na ngazi hiyo ndipo lilipo shirika la CAMFED, ingawa si la chuo kikuu. Wasichana waliomaliza sekondari kwa msaada wake, ambao umoja wao ulianzia Zimbabwe mwaka 1998, hurudi kujitolea katika shule za vijijini, Tanzania ikiwamo, kuendesha vipindi vya stadi za maisha. Badala ya mshahara hupata fursa ya mkopo usio na riba wa kuanzisha biashara. Binti akikosekana darasani siku kadhaa, wao ndio wanaokwenda kwao kupiga hodi.